Projekta kwenye studio ya uchoraji: kisa cha ukuta mmoja Jinja

Studio na watu wake

Kisa hiki nakiandika kwa wenzangu wa rangi na brashi, hasa wadogo zetu wanaoniuliza kila mara kama wanunue projekta, ile mashine ya kutupa picha ukutani kwa mwanga ili uifuatishe, ama wasinunue. Ni kazi ya kweli tuliyoifanya hapa Jinja. Majina nimetoa yote, gesti yenye ukuta huo siitaji, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemfanya mtu ajulikane nimeviacha.

Wahusika ni wanne. Kuna Mzee, mwenye studio na aliyetufundisha sote, alianza kwa kuandika vibao vya maduka na ubavu wa malori. Kuna Kijana, mwanafunzi wetu wa miaka ishirini na kitu, mkono wake mwepesi sana na anajifunza haraka. Kuna Mteja. Halafu kuna mimi, kazi yangu ni kupanga, kupima na kushika hesabu.

Mzee maisha yake yote amekuza picha kwa gridi tu, yaani unapiga miraba kwenye mchoro mdogo, unapiga miraba mikubwa ukutani, unahamisha mraba kwa mraba. Ni njia ya kuaminika lakini inakula siku. Kijana ndo alileta wazo la projekta, akapata moja ya mtumba Kampala kwa shilingi 650,000, ya taa, pikseli 1024 kwa 768, imeandikwa lumeni 3000 (kipimo cha mwanga), ila hizo lumeni ni za siku ilipotoka kiwandani, taa ikizeeka mwanga unashuka. Mzee hakukataa. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo itakuonyesha pa kuweka mstari, haitakuonyesha mstari wenyewe." Wakati ule hatukumsikiliza vizuri.

Kazi yenyewe

Mteja alikuwa anafungua gesti na alitaka ukuta wa mapokezi uchorwe, upana mita 4.8, kimo mita 2.4. Alitaka ziwa, mitumbwi, na mbele kabisa mama anayeanika mukene (dagaa). Pembeni alitaka vipande viwili vya lubugo (kitambaa cha gome la mti) vyenye sura za wazee wawili, mwanamke na mwanaume. Tulikubaliana shilingi 2,400,000, nusu advansi, siku tisa.

Hapa kuna kitu tulipaswa kukifanya siku hiyo hiyo na hatukufanya, kupima chumba. Ukuta tuliupima, chumba hatukukipima. Projekta yetu kwenye lenzi yake inahitaji umbali wa mita 1.8 kwa kila mita moja ya upana wa picha, kwahiyo ukitaka picha ya mita 4.8 kwa mpigo mmoja unahitaji zaidi ya mita 8 na nusu kutoka ukutani. Kile chumba kilikuwa na mita 4 na kidogo, tena katikati kuna nguzo mbili za zege. Maana yake picha kubwa tuliyoweza kupata ni mita 2 kwa mita 1.5, na ukuta ungegawanywa vipande sita, safu tatu, juu na chini, vipandiane sentimita 60. Hesabu hiyo tuliifanya tukiwa tayari tumebeba vitu vyote kwa boda hadi pale.

Usiku wa kwanza

Tulisubiri giza maana mapokezi yana madirisha makubwa. Kijana aliweka projekta juu ya meza, akaweka kitabu chini ya miguu ya mbele ili ielekee juu, na kwa sababu ya zile nguzo akaisogeza kushoto akaielekeza ukutani kimshazari. Picha ilitokea imepinda kama trapeza, akabonyeza kistoni (kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda) mpaka ikaonekana imenyooka kwa macho, akaanza kufuatisha kwa penseli.

Picha ya mama wa mukene alikuwa ameipiga yeye mwenyewe kwa simu, amesimama karibu, kama mita moja hivi. Mitumbwi aliitoa kwenye intaneti.

Saa tatu usiku umeme ukaenda. Feni ya projekta ikazima na taa ikiwa moto kabisa, kitu ambacho kwa projekta ya taa ni kibaya, kwa kawaida ukiizima vizuri feni inaendelea kuzunguka mpaka taa ipoe. Giza likawa totoro, mtu mmoja akajikwaa kwenye waya, meza ikasogea. Kidogo tu, kama sentimita moja. Umeme uliporudi saa nne na nusu Kijana akairudisha kwa macho pale alipodhani ilikuwa, akaendelea mpaka saa nane za usiku, kope za yule mama akazifuatisha moja moja.

Asubuhi, Mzee na futi

Asubuhi Mzee aliingia, akasimama nyuma kabisa, hakusema kitu kama dakika mbili. Halafu akachukua futi. Kwenye faili tulikuwa tumeweka miraba midogo ya majaribio, kila mmoja ungetoka sentimita 20 ukutani. Wa kushoto ulikuwa 20. Wa kulia ulikuwa 23. Mstari wa maji, ule wa mwisho wa ziwa, ulikatika pale vipande viwili vinapokutana, upande mmoja juu ya mwingine kwa sentimita 4, na kwenye ukuta mweupe sentimita 4 mtoto mdogo anaiona. Yule mama sasa, mkono wa mbele ulikuwa mkubwa kuliko uso wake.

Nataka nieleze hapa taratibu maana makosa yalikuwa matatu na sisi tuliyaona kama moja.

La kwanza ni mshazari. Mwanga unaokwenda mbali zaidi unatawanyika zaidi, ndo maana upande wa kulia, uliokuwa mbali na lenzi, kila kitu kilivimba. Kistoni ya projekta yetu inarekebisha juu na chini tu, ya kushoto na kulia haina. Na hata zile zilizo nazo zote mbili, zinachofanya ni kuibana picha ndani ya projekta kwa kupoteza pikseli, kwahiyo unapata umbo lakini mstari unafifia. Pikseli zetu ukutani zilikuwa karibu milimita 2 kila moja tayari, hakukuwa na za kupoteza.

La pili ni ile sentimita moja ya meza. Hatukuwa na alama yoyote ukutani ya kutuambia picha ilikuwa wapi kabla ya giza.

La tatu halikuwa kosa la projekta kabisa. Simu ina lenzi pana, na ukimpiga mtu kwa karibu kilicho mbele kinakuwa kikubwa, pua, mkono, ungo. Kwenye kioo cha simu jicho linasamehe. Ukikikuza hadi mita 2 hakisameheki tena. Kijana alikuwa amefuatisha kosa la kamera kwa uaminifu mkubwa, na mkono wake ulijua kuwa kuna kitu hakiko sawa, alikuja kuniambia baadaye, ila aliamini mwanga kuliko mkono.

Mteja na bei

Tukiwa bado tunatazama, Mteja akafika. Usiku alipita akaona dirishani picha ikiwaka ukutani. Akasema, "Kumbe nyinyi mnafuatisha tu, mashine ndo inachora. Basi mnipunguzie laki sita." Mzee aliumia, niliona. Miaka yote ile ya kazi, halafu mtu anakwambia hivyo asubuhi mbele ya mwanafunzi wako.

Mimi nilimjibu kwa heshima kwamba bosi, tupe siku mbili, ukuta huu tunaupaka chokaa upya kwa gharama yetu, na tutakuonyesha mchoro kabla hatujagusa tena. Bei tutaongea ukishaona. Akakubali, hakufurahi.

Tulichoamua na kwa nini

Studio jioni ile kulikuwa na maoni matatu. Kijana alitaka turekebishe palipopinda tuendelee, siku zinaenda. Mzee alitaka turudi kwenye gridi na projekta iuzwe. Mimi nilitaka tuitumie, lakini studio, siyo gesti.

Tulikubaliana hivi. Kwanza, mchoro uanze upya kwa mkono, mdogo, sentimita 48 kwa 24, yaani moja ya kumi ya ukuta kamili. Shangazi yake Kijana alikubali kutukalia mchana mzima na ungo wake, tukamchora kutoka umbali wa mita nne hivi ambako mwili unaonekana kwa vipimo vyake. Mitumbwi tulienda kuichora ziwani wenyewe. Hiyo ya mitumbwi ilikuwa pia suala la haki, picha ya intaneti ina mwenyewe, Uganda ina sheria ya hakimiliki, na projekta inarahisisha sana kuiba bila hata kujisikia unaiba. Bora tuliigundua mapema.

Pili, tusitupe mwanga ukutani kabisa. Tutupe kwenye karatasi za kaki studio, halafu karatasi ndo ziende gesti. Sababu ni rahisi, karatasi ikiharibika unaweka nyingine, ukuta ukiharibika unapaka chokaa, tena ukuta wa mtu.

Tatu, mtu akifika kipande kimoja asikae zaidi ya dakika ishirini mbele ya mwanga. Hii ilikuwa ya Mzee, na ndo iliyotusaidia kuliko zote.

Mara ya pili

Karatasi za kaki za upana wa sentimita 90 tuliziunga mbilimbili, tukapata shiti tatu za mita 1.6 kwa 2.4. Tulizitundika kwenye ubao mrefu. Projekta ikakaa mbele yake kabisa, imenyooka, haijainama juu wala chini, miguu yake tukaizungushia alama kwa maka juu ya meza na waya tukaugandisha sakafuni kwa tepu. Kisha ikawa haiguswi. Kufika sehemu ya chini ya shiti tulipandisha karatasi sentimita 90 tukaikunja juu nyuma ya ubao, kwenye laptopu tukabadilisha kipande cha picha. Karatasi inasogea, projekta haisogei. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwa mikono hapa ni hicho.

Kabla ya mstari wa kwanza, futi. Miraba ya majaribio kwenye pembe nne, kila mmoja sentimita 20 kweli kweli, halafu ulalo wa picha nzima kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Miraba ikilingana na ulalo pia ukilingana, pembe za picha zimenyooka. Ukitofautiana hata sentimita moja unarudi kwenye meza. Na kwenye kila kipande tulichora misalaba minne midogo ambayo iko pia kwenye kipande cha jirani, ili umeme ukienda (na ulienda mara mbili) tunajua picha irudi wapi kwa milimita. Safari hii tulichomeka projekta kwenye UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ndogo ya kompyuta ya zamani. Haiwezi kukufanyia kazi, inashika dakika chache tu, lakini dakika hizo zinatosha kuzima taa vizuri na feni kumaliza kazi yake. Taa ikiwa moto hata ukiilazimisha kuwaka haiwaki, unasubiri.

Kitu kingine nataka mkione kwa karibu. Unapofuatisha kwenye mwanga, huwezi kuona ulichochora na ambacho hujachora, kwa sababu picha inaonekana kamili tu muda wote. Kijana alikuwa anamaliza kipande, anazima, anakuta sikio halipo. Mzee akakata kipande cha boksi la biskuti, akawa anakiinua mbele ya lenzi kila baada ya dakika chache. Giza, kisha taa ya chumba kidogo, tunaona mistari ya penseli peke yake. Mara ya kwanza alipokiinua, sura ya yule mama ilikuwa nukta nane na mistari mitatu: pembe za macho, ncha za pua, mdomo, kidevu, ukingo wa kitambaa kichwani. Kijana alitaka kuendelea. Mzee akamwambia, "Basi hapo. Zima, sasa mchore." Na akamchora, mwanga umezimwa, mchoro mdogo uko pembeni, zile nukta zikimshikia vipimo. Mstari wa shavu ulitoka kwa mpigo mmoja, mnene chini na mwembamba juu, kitu ambacho usiku ule wa gesti hakikuwepo kabisa, ule mstari wa usiku ulikuwa na unene mmoja kama waya.

Karatasi zilipokamilika tulitoboa mistari yote kwa kile kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani, tukazipeleka gesti, tukapiga mstari wa katikati kwa timazi na mstari wa chini kwa pima maji, tukabandika shiti, kisha tukapiga vumbi la mkaa kwa soksi kuukuu. Pa, pa, pa. Ukivua karatasi unakuta nukta ukutani. Njia hii ni ya kale sana, wachoraji wa kuta za Italia walikuwa nayo, Michelangelo aliitumia kwenye dari la Sistine. Mkaa unaobaki upulize ama uufute kwa brashi kavu kabla ya rangi, la sivyo rangi nyeupe inageuka kijivu. Na ule mkaa usiusage karibu na projekta, vumbi likiziba chujio lake itachemka.

Lubugo ilikuwa habari nyingine. Ni kitambaa cha gome la mutuba, rangi yake kahawia iliyokolea, na tulipojaribu kukitupia mwanga kilimeza karibu picha yote, unaona uso kama umezama kwenye maji ya tope. Penseli pia haifutiki pale, na kitu chenye heshima namna hiyo, ambacho ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, hatukutaka kukijaribia. Karatasi ileile, matundu yaleyale, lakini vumbi la chaki nyeupe badala ya mkaa. Kipande cha mwanamke kilitoka vizuri sana. Cha mwanaume chaki ilimwagika nyingi, tukahangaika kuikung'uta, na hadi leo sehemu ya shingo naiona imefubaa.

Matokeo

Siku tisa zikawa kumi na sita. Chokaa, karatasi na usafiri vilikula kama laki mbili ya faida yetu. Mteja alikuja siku ya kupiga vumbi, Mzee akampa soksi akapiga mwenyewe ule mtumbwi wa kushoto, akauona mchoro mdogo wa penseli na michoro ya mazoezi ya shangazi, kurasa nyingi. Suala la laki sita halikurudi kama lilivyokuwa. Aliomba tumpunguzie laki moja kwa kuchelewa, na hiyo tulimpa kwa sababu kuchelewa kulikuwa kwetu.

Mstari wa maji sasa umenyooka mwanzo hadi mwisho. Kasoro moja ipo: mtumbwi wa kulia, omo yake (ncha ya mbele) inaonekana imejikunja kidogo ukiitazama kutoka mlangoni. Plasta pale ina kifua, imetoka mbele, na hatukupitisha ubao mnyoofu ukutani kuangalia.

Uchambuzi

Nikitazama nyuma, naona projekta haikutuharibia kazi na wala haikutuokoa. Kilichotuharibia ni kuiweka mwanzoni mwa kazi, mahali pa mchoro, badala ya kuiweka katikati, mahali pa kukuza. Mara ya kwanza tulitoka picha ya simu kwenda ukutani moja kwa moja, hakukuwa na mtu aliyeamua chochote kati ya kamera na penseli. Mara ya pili maamuzi yote yalikuwa yameshafanyika kwenye ile karatasi ya sentimita 48, nani awe mkubwa, mwanga utoke wapi, maji yaishie wapi, projekta ikabeba tu.

Kwa muda tulihesabu vizuri baadaye. Gridi ya ukuta mzima ingetuchukua siku tatu. Vipande sita vya projekta kwenye karatasi vilichukua usiku mbili, pamoja na kukatika umeme. Kwahiyo ndiyo, inaokoa muda, lakini kama ukihesabu ule usiku wa kwanza na chokaa, gridi ya Mzee ilikuwa nafuu zaidi. Ukuta mmoja mdogo wenye chumba kibaya sioni sababu ya kuitoa projekta kwenye boksi. Ukuta wa nje mchana sahau kabisa, jua linafunika mwanga wote. Na ukitamani kukuza picha zaidi kumbuka, upana ukiwa mara mbili, eneo ni mara nne, mwanga unabaki robo.

Kuhusu lile neno la Mteja, kwamba mashine ndo inachora, mimi sikubaliani naye lakini pia silichukulii kirahisi. Wachoraji wakubwa wametumia mwanga, Norman Rockwell wa Marekani alikuwa na mashine yake ya kutupa picha studio, Andy Warhol naye alitumia projekta. Hawa walikuwa wanajua kuchora. Kosa letu kwa Mteja lilikuwa kutomwambia mapema, akagundua mwenyewe usiku kupitia dirishani, na kitu unachokigundua dirishani lazima ukione kama kimefichwa. Siku hizi kwenye karatasi ya makubaliano naandika zana zote, gridi, projekta, karatasi za kutoboa, na naweka picha ya mchoro mdogo. Hakuna aliyelalamika tangu hapo.

Pale ambapo mimi na Mzee bado hatujaelewana ni suala la mwanafunzi. Mzee anaona mwanafunzi asiguse projekta mpaka aweze kukuza sura kwa gridi bila msaada. Mimi naona aiguse mapema, ila na mtu pembeni mwenye kipande cha boksi, maana Kijana alijifunza mengi zaidi kwenye zile dakika ishirini na giza lake kuliko miezi aliyopiga miraba. Lakini nakiri usiku ule wa gesti tulimwacha peke yake na mashine ngeni, kazi ya mtu, na saa nane za usiku. Hilo lilikuwa letu sisi wakubwa, siyo lake, na Mzee alimwambia hivyo mbele yangu.

Mteja ameshaulizia ukuta wa pili, ule wa ngazi, ambao ni mwembamba na hauna umbali wowote wa kutupa mwanga. Kijana ameanza mchoro mdogo wiki hii.